Seli Shina na Goti Lililosagika: Tulipofika

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, madaktari na wauguzi mliopata nafasi ya kufika, ndugu wananchi, habari za jioni.

Nimeombwa nieleze kazi ninayoifanya, ambayo ni kukuza gegedu maabara kwa kutumia seli shina, yaani seli ambazo bado hazijapewa kazi maalumu, na nieleze pia inaweza kumsaidia nini mtu ambaye magoti yake yamesagika. Nimekubali kwa moyo mmoja, kwa sababu jina la seli shina limeshafika mitaani kabla ya tiba yenyewe kufika, na wapo watu wanaotoa fedha zao kwa jambo ambalo sisi tunaolihangaikia kila siku bado hatujalithibitisha. Jioni hii nitasema tulipofika, na nitasema vilevile tulipokwama.

Tuanze jikoni. Ukimaliza nyama ya paja la kuku, kwenye ncha ya mfupa hubaki kifuniko cheupe kinachong'aa, laini, chenye utelezi, ambacho wengine hukitafuna na wengine humtupia paka. Hilo ndilo gegedu. Katika goti la mtu mzima unene wake, kwa sehemu kubwa, ni milimita 2 hadi 4 tu, na juu ya unene huo mdogo tunapanda ngazi, tunachuchumaa, tunabeba ndoo na watoto kwa miaka 60 au 70. Sehemu kubwa ya gegedu ni maji, kati ya asilimia 65 na 80 ya uzito wake. Maji hayo yameshikwa na wavu wa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na ndani ya wavu zimejazana molekuli kubwa ziitwazo agrekani, ambazo huvuta maji kama chumvi inavyovuta unyevu wakati wa masika. Ukikanyaga, maji hukamuliwa. Ukiinua mguu, hurudi. Seli zenyewe ni chache, kila moja imejifungia kwenye kijumba chake, haina mshipa wa damu wa kuiletea chakula, na chakula chake huja na maji hayo yanayoingia na kutoka tunapotembea. Ndiyo maana goti lisilotembezwa nalo hudhoofika.

Nawasikia wengi wakisema ute wa magoti umekauka, na kwa ajili hiyo kila asubuhi wanakunywa maji ya bamia. Sisemi haya kwa dharau, maana mimi mwenyewe nimekulia katika nyumba iliyoamini hivyo. Bamia ni mboga nzuri, lakini utelezi wake huishia tumboni, wala hauna njia ya kufika gotini. Isitoshe, katika magoti mengi yaliyosagika ute haukupungua hata kidogo: goti huvimba kwa sababu ute umezidi, tena umekuwa mwepesi, hauna mnato uliokuwa nao. Kilichopungua ni gegedu lenyewe, na pamoja nalo mfupa ulio chini yake umebadilika, na utando unaozunguka kiungo umewaka uvimbe. Ugonjwa huu, ambao kitaalamu huitwa osteoathraitisi, ni ugonjwa wa kiungo kizima. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 595 duniani walikuwa nao.

Kwa nini gegedu haliponi? Ukijikata kidole, damu huja na kila kinachohitajika kuziba jeraha. Gegedu halina damu, kwa hiyo jeraha lake halina wa kuliitikia. Mwaka 1743 tabibu wa Kiskoti aliyekuwa akifanya kazi London, William Hunter, aliandika kwamba tangu zama za Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, matabibu wote wamekubaliana kuwa gegedu likishaharibika halirudi. Karibu miaka 300 baadaye, watafiti wa Denmark walipata njia ya ajabu ya kulipima jambo hilo. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza angani kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi. Kaboni hiyo ikaingia kwenye mimea, kwenye chakula, na hatimaye kwenye miili ya watu waliokuwa wakikua wakati huo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, walipima kaboni hiyo kwenye gegedu la magoti na kugundua kwamba kolajeni yake hujengwa utotoni na ujanani, na baada ya hapo haibadilishwi tena, hata goti linapougua. Nilipousoma utafiti ule nilikaa kimya kwa muda mrefu. Wavu alionao bibi wa miaka 70 gotini ni ule ule alioumaliza kuusuka akiwa binti.

Hata hivyo watu hawakukata tamaa. Mwaka 1987, katika mji wa Gothenburg nchini Sweden, Lars Peterson, Mats Brittberg na wenzao walianza kuchukua kipande kidogo cha gegedu lenye afya kutoka sehemu ya goti isiyobeba mzigo mkubwa, wakazikuza seli zake maabara mpaka zikawa nyingi, kisha wakazirudisha kwenye shimo lililoharibika. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1994 yalihusu wagonjwa 23. Kati ya 16 waliokuwa na jeraha kwenye ncha ya mfupa wa paja, 14 walipata nafuu nzuri. Tiba hiyo ipo mpaka leo, imeboreshwa, na inatumika katika nchi kadhaa. Lakini angalieni ni nani waliotibiwa: walikuwa na shimo moja lililotokana na jeraha, katikati ya gegedu zima. Kuziba shimo kwenye barabara nzuri ni kazi moja. Kuijenga upya barabara iliyolika yote mvua ikiwa bado inanyesha ni kazi nyingine kabisa, na osteoathraitisi ni hiyo ya pili. Zaidi ya hayo, seli za gegedu zikikuzwa kwa muda mrefu kwenye sahani ya maabara hulala bapa, zikasahau kazi yake, na mtu mzima hana gegedu la ziada la kutoa kila mara.

Hapo ndipo seli shina zilipoingia. Seli shina ni seli ambayo haijapewa kazi maalumu, yenye uwezo wa kujigawa na kuzaa seli za kazi mbalimbali. Katika miaka ya 1960 na 1970 Alexander Friedenstein, akiwa Moscow, alionyesha kwamba ndani ya uboho wa mifupa, huu huu tunaoufyonza tukinywa supu, zimo seli chache zinazoweza kujenga mfupa. Mwaka 1991 Arnold Caplan wa Cleveland, Marekani, alizipa jina la seli shina za mesenkima, na mwaka 1998 watafiti wa mji huohuo walichapisha njia ya kuzigeuza gegedu ndani ya kijichupa. Njia hiyo ndiyo ninayoitumia mimi, kwa hiyo naomba niieleze polepole.

Tunahesabu seli 250,000, tunazitia kwenye kijichupa chenye kitako kilichochongoka, tunakizungusha kwa kasi kwenye mashine ya sentrifuji mpaka seli zote zishuke chini, kisha tunakiweka kwenye kabati lenye joto la mwili, nyuzi 37. Siku inayofuata zimeshikana, zimejikunja na kuwa punje moja. Mara mbili au tatu kwa wiki tunabadilisha maji ya lishe, ambayo ndani yake kuna protini inayozielekeza seli kwenye ugegedu, iitwayo TGF-beta. Kufika wiki ya tatu punje imekuwa nyeupe, inateleza, ni ndogo kuliko punje ya mtama, na ukiibana kwa kibanio inakubali kidogo halafu inarudi kama ilivyokuwa. Tunaikata vipande vyembamba sana, tunavipaka rangi ya safranini, na kila palipo na agrekani panageuka pekundu. Mara ya kwanza nilipoona wekundu ule chini ya darubini, umeenea punje nzima, niliamini kwamba Hunter amejibiwa.

Sikujua kwamba niliangalia mapema mno. Ukiiacha punje ile iendelee, seli zake zinavimba na kuanza kutengeneza kolajeni ya aina nyingine, aina ya 10, ambayo gegedu zima la goti huwa halina isipokuwa kwenye tabaka la chini kabisa linaloungana na mfupa. Watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walionyesha mwaka 2006 kwamba punje za seli za uboho zikipandikizwa chini ya ngozi ya panya, zinaingiwa na mishipa ya damu na kuanza kuwa ngumu kama mfupa, ilhali punje zilizotokana na seli za gegedu la kiungo hazikufanya hivyo. Sababu yake inaeleweka. Mtoto akiwa tumboni, mifupa yake mirefu huanza ikiwa gegedu, na gegedu lile baadaye hugeuka mfupa. Seli ya uboho inaijua njia hiyo moja. Ukiiomba gegedu, inakupa gegedu la kupita, lililo safarini kwenda kuwa mfupa. Miaka mingi ya kazi yangu, na ya wenzangu katika maabara nyingi, imekwenda kwenye swali hilo: namna ya kulisimamisha gegedu palepale lilipo. Tunapunguza protini hii, tunaongeza ile, tunazikamua punje kwa mashine kama goti linavyokamuliwa njiani. Tumesogea, lakini hatujafika.

Sasa, ndugu zangu, linganisheni kazi hiyo na sindano zinazotangazwa kwenye simu zenu. Anayechoma sindano ya seli gotini hana punje, hana wiki tatu, hana hata uhakika seli zile zitatua wapi. Hii haina maana kwamba sindano haikuwahi kujaribiwa kwa uaminifu. Mwaka 2002 Shigeyuki Wakitani na wenzake nchini Japani walichapisha matokeo ya wagonjwa 24 wenye magoti yaliyosagika, wote wakiwa wanafanyiwa upasuaji wa kunyoosha mguu. Nusu yao walipandikiziwa seli za uboho wao wenyewe. Walipochunguzwa tena, gegedu la waliopandikiziwa lilionekana bora zaidi, lakini nafuu waliyoihisi wagonjwa haikutofautiana na ya wenzao. Mwaka 2003 yakaja matokeo ya mbuzi waliojeruhiwa goti kwa makusudi na kuchomwa seli shina: uharibifu ulipungua, ila seli zilizochomwa zilionekana kwa uchache sana ndani ya gegedu lenyewe. Seli zilitoa ishara fulani, zikatuliza kiungo, zikatoweka. Caplan mwenyewe, mtu aliyezipa jina, aliandika mwaka 2017 kwamba wakati umefika jina la seli shina libadilishwe, kwa kuwa zikiwa mwilini kazi yake kubwa ni kutoa ishara za uponyaji. Mwanasayansi kusimama na kuomba neno lililompa sifa duniani lifutwe ni jambo ninaloliheshimu sana.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 2023, huko Marekani. Wagonjwa 475 wenye maumivu ya goti waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakachomwa seli kutoka uboho wao, wengine kutoka mafuta ya miili yao, wengine kutoka kitovu cha watoto waliozaliwa, na wengine wakachomwa steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, sindano ya kawaida ya siku zote. Baada ya mwaka mmoja hakuna aina yoyote ya seli iliyoishinda steroidi, si kwa maumivu, si kwa picha za MRI. Mwaka 2025 ulipitiwa ushahidi wa majaribio 25 ya aina hii kwa pamoja, na hitimisho lake likawa kwamba huenda sindano za seli shina hupunguza maumivu kidogo, lakini uhakika wenyewe ni hafifu. Kwamba sindano hizo huotesha gegedu jipya kwenye goti lililosagika, hilo halijaonyeshwa.

Hapa naomba niwaeleze jambo la nyumbani. Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Magoti yake yalipozidi, aliacha kusujudu chini. Akawa anaswali juu ya kiti cha plastiki, nyuma ya safu za wanawake wenzake. Alitumia sehemu ya kiinua mgongo chake kwenda kwenye kliniki moja ambayo sitaitaja, akachomwa sindano mbili alizoambiwa ni seli shina za kitovu. Aliponiletea karatasi alizopewa, hapakuwa na jina la maabara iliyozitoa, wala idadi ya seli, wala namba ya chupa. Maumivu yalitulia kama miezi mitatu, kisha yakarudi kama yalivyokuwa. Aliniuliza kama alikosea masharti. Nilimwambia hakukosea lolote. Maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe, na mtu huenda kuchoma sindano siku yamepanda. Hata sindano ya maji ya chumvi humpa mgonjwa nafuu ya kweli kwa muda. Sikumlaumu kwa kutumaini. Kilichoniumiza ni karatasi ile tupu, kwa sababu mwaka 2018, huko Marekani, wagonjwa 12 walilazwa hospitali kwa maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa za damu ya kitovu, na chupa ambazo hazijafunguliwa zilipopimwa zilikutwa na bakteria ndani yake. Bila jina la maabara wala namba ya chupa, uchunguzi kama huo huwa mgumu.

Kwa hiyo, mtu akikuahidi seli shina za goti, mwombe jina la jaribio, mwulize nani amelipitisha kimaadili, na mwulize kwa nini wewe ndiye unayelipa. Katika majaribio ya kweli, kwa kawaida, anayejitolea mwili wake hatozwi fedha kwa kujaribiwa dawa.

Baada ya hayo, wapo wanaonipa matumaini, na wa kwanza wako Basel, Uswisi. Ivan Martin na wenzake waliliangalia tatizo hili wakachagua njia nyingine: badala ya kuilazimisha seli ya uboho iwe gegedu, walitafuta seli ambayo tayari ni gegedu na inakuzika vizuri, wakaipata puani. Jiguseni ule ukuta unaotenganisha tundu mbili za pua; ule nao ni gegedu. Mwaka 2014 walieleza kwamba seli zake hazina alama fulani za jeni zinazoiambia seli mahali pake mwilini, na kwamba zikipandikizwa kwenye goti la mbuzi zinazichukua alama za goti, kama mgeni anayejifunza lahaja ya wenyeji. Mwaka 2016 walichapisha matokeo ya wagonjwa 10 wa kwanza. Kipande cha milimita 6 kilitolewa puani kwa ganzi ya pale pale. Seli zikakuzwa wiki mbili, zikawekwa juu ya utando wa kolajeni, zikaachwa wiki mbili nyingine zijijengee gegedu, ndipo daktari akalikata kwa kipimo cha jeraha na kulishona gotini. Mwaka 2025 yakatoka matokeo ya watu takribani 100 katika nchi 4: waliopewa gegedu lililokomaa wiki mbili maabara walipata nafuu zaidi ya waliopewa lililokaa siku mbili tu. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa, maana linaonyesha kwamba kinachosaidia ni tishu iliyojengwa tayari, na uvumilivu wa maabara una malipo kwa mgonjwa.

Njia nyingine ni ya Charles Chan na Michael Longaker wa Chuo Kikuu cha Stanford. Wao walitumia seli shina za mifupa zilizo palepale kwenye kiungo. Madaktari wana desturi ya kutoboa vitundu kwenye mfupa ili uboho upande na kuziba jeraha, lakini kinachoota huwa ni gegedu la kovu, lenye nyuzi ngumu, lisilodumu. Mwaka 2020, kwa panya, watafiti hawa waliongeza jeli yenye protini mbili: moja inazisukuma seli zianze safari ya kuwa mfupa, nyingine inazuia mishipa ya damu isiingie, na bila damu safari inakwama katikati, penye gegedu. Kile kinachonitesa mimi kwenye vijichupa vyangu, wao wamekifungia mlango. Ni panya, na goti la panya halibebi kilo 80, lakini nimeuchukua mlango ule na ninaujaribu.

Linabaki suala la mvua inayonyesha. Gegedu jipya, litoke puani au kwenye uboho, litawekwa katika kiungo chenye uvimbe ambamo vimeng'enya vinakata agrekani na kolajeni mchana na usiku. Watu wa Basel wamelijaribu hilo pia: mwaka 2021 walichapisha habari za wagonjwa wawili wenye osteoathraitisi ya kiwango cha juu, waliopewa gegedu la pua na kupata nafuu. Wagonjwa wawili wanatosha kufungua mlango wa jaribio kubwa, hawatoshi kuwa tiba.

Shangazi yangu aliposikia habari ya pua aliniuliza maswali mawili. La kwanza, kama pua haitaanguka. Nikamjibu kwamba kipande ni kidogo na umbo la pua halibadiliki. La pili, kama yeye, akiwa na miaka 68, anaweza kuingizwa. Nilimwambia kwamba wale 10 wa kwanza walikuwa kati ya miaka 18 na 55, wenye majeraha na si magoti yaliyosagika, kwa hiyo jibu la leo ni bado. Tukakaa tukazungumza juu ya kilicho na ushahidi sasa hivi. Kila kilo moja anayopungua mtu humpunguzia goti mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua, na misuli ya paja ikiimarika goti huacha kubeba peke yake. Mtaalamu wa fiziotherapia alimpa zoezi la kuinuka kitini bila kushika popote, mara 10, asubuhi na jioni. Analifanya kwenye kile kile kiti cha plastiki anachoswalia. Wiki ya kwanza alifika mara 3. Nilipompigia simu juzi alikuwa amefika mara 10, na alinitaka nisubiri kwenye simu mpaka amalize za jioni.